Perth hadi Broome kwa karavani: mwongozo wa pwani kame ya Australia Magharibi

Kutoka Perth kwenda Broome kwa kufuata pwani, ukikokota karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ni safari ya takriban kilomita 2,400, na ukiongeza michepuko ya kwenda Kalbarri, Shark Bay na Exmouth unapita 3,000. Lami ni nzuri karibu njia nzima. Ugumu wake ni umbali kati ya kituo na kituo: sheli moja, halafu kilomita 150 au 290 za vichaka na vumbi jekundu, halafu sheli nyingine yenye bei yake. Umbali huo unakulazimisha kubeba maji, mafuta, chakula na vipuri, na kila kilo unayoongeza inazila tairi, beringi na breki ambazo ndizo zitakazokufikisha. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye mizani kuliko kwenye mandhari.

Panga majira kwanza

Nenda kati ya Mei na Septemba. Huo ndio msimu wa ukavu kaskazini: mchana joto la nyuzi 25 hadi 32, usiku baridi ya wastani. Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga, na joto lake halichezewi. Mji wa Onslow ulifika nyuzi 50.7 tarehe 13 Januari 2022. Kimbunga Ilsa cha Aprili 2023 kiliharibu vibaya kituo cha mafuta cha Pardoo, na jambo kama hilo hubadilisha hesabu ya dizeli kwa kila anayepita baadaye. Wiki moja kabla ya kuondoka, na tena kila mnapopata mtandao, angalieni ramani ya hali ya barabara ya Main Roads, idara ya barabara ya Australia Magharibi.

Msimu mzuri ndio pia msimu wa msongamano. Kambi za Hifadhi ya Taifa ya Cape Range hufunguliwa kwa uhifadhi siku 180 kabla, na za ufukweni hujaa mapema mno. Kama mnataka kulala Osprey Bay mwezi Julai, hesabuni siku nyuma na mkae kwenye kompyuta siku hiyohiyo. Usiende bila nafasi ukitumaini kupata ya dharura, kwa sababu kurudi Exmouth ukikokota karavani gizani ndiko kunakovunja magari kwa kangaruu.

Uzito

Kwenye kibao cha karavani kuna namba mbili za kuangalia. Tare ni uzito wake ikiwa tupu. ATM ni uzito wa juu unaoruhusiwa ikiwa imepakiwa, ikijumuisha sehemu inayolalia gari. Tofauti yake ndiyo haki yako ya mizigo. Tuseme Tare ni kilo 1,900 na ATM ni 2,500: unabaki na kilo 600, zinazoonekana nyingi mpaka uanze kutoa. Matangi mawili ya maji ya lita 80 ni kilo 160. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 9, pamoja na chuma chake, inakaribia 36. Turubai la kivuli, betri ya ziada na paneli ya sola vilivyofungwa baada ya kiwandani havimo kwenye Tare, na hapo pengine zimeondoka nyingine 80. Umebakiwa na kilo 320 hivi za chakula, vyombo, nguo, viti, zana na tairi la akiba la pili. Familia ya watu wanne huzimaliza bila kujua.

Kosa la pili ni kusahau gari lenyewe. Uzito unaolalia tufe la chuma la kukokotea unatakiwa kuwa karibu asilimia 10 ya uzito wa karavani iliyopakiwa. Kwa karavani yetu ni kilo 250. Kilo hizo zinahesabiwa kama mzigo wa gari, ndani ya namba inayoitwa GVM kwenye kibao chake. Ukiongeza watu wanne, friji ya nyuma na madumu ya dizeli, gari linavuka kikomo hata kama karavani iko sawa. Halafu kuna GCM, jumla ya vyote viwili. Pakia kila kitu kama siku ya safari, jaza maji na mafuta, pandisha mizani ya umma, ulipie, na uchukue karatasi yake. Bima inaweza kukataa kulipa ukiwa umezidisha, na polisi hupima.

Vizito viwekwe chini, usawa wa ekseli. Usifunge madumu au baiskeli nyuma kabisa ya karavani. Uzito wa nyuma hupunguza ule unaolalia tufe, na karavani huanza kuyumba kulia na kushoto, kila mara zaidi ya ile iliyotangulia. Ikianza kuyumba, usikanyage breki ya gari wala usijaribu kurekebisha kwa usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka, na ubonyeze kwa mkono kidhibiti cha breki za karavani kilichopo kwenye dashibodi. Mfundishe kila dereva wenu kilipo kidude hicho kabla hamjatoka Perth, ili mkono ukifikie bila kutafuta.

Tairi, beringi na breki

Karavani nyingi zinazokwama kaskazini zimekwama kwa sababu ya magurudumu. Kabla ya safari, inua kila upande kwa jeki ipasavyo, shika tairi juu na chini, uitikise. Kukiwa na mchezo, beringi zinahitaji kukazwa au kubadilishwa. Zungusha: mlio wa kusaga maana yake beringi imekwisha. Paka grisi mpya kama huna uhakika ilipakwa lini, na ubebe seti moja kamili ya beringi za karavani yako, za ndani na za nje, pamoja na sili na kopo la grisi. Vituo vya barabarani vinauza soda na pai za nyama. Beringi ya saizi yako huenda ikangojewa siku tatu kutoka Perth.

Angalia tarehe ya kutengenezwa ubavuni mwa tairi: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi la karavani huzeeka kwa kusimama juani kabla kashata hazijaisha. Likipita miaka saba, ling'oe hata kama linaonekana zuri.

Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, halafu pima tena baada ya mwendo wa saa moja. Upepo ukipanda kwa psi 4 hadi 6, uko sawa. Ukipanda zaidi sana, tairi lilikuwa na upepo mdogo au mzigo mkubwa, na linachemka. Kaza nati za magurudumu tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, na kila baada ya kubadilisha tairi. Mkisimama kupumzika, sogeza kiganja karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, bila kugusa: moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki imeng'ang'ania au beringi inakufa. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi na bei yake ni ndogo.

Vipuri vingine: mkanda wa feni, mipira ya rejeta, fyuzi za saizi zote, chujio la dizeli, plagi ya taa za karavani, waya, gundi ya kuziba, kamba za kufungia, na jeki inayoweza kuinua karavani iliyopakiwa. Jeki ya gari mara nyingi haifiki au haina pa kushika.

Maji, umeme na gesi

Hesabu lita 10 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na kuosha vyombo, ambazo angalau 5 ni za kunywa. Watu wanne kwa siku nne ni lita 160, yaani matangi yale mawili. Kambi za Cape Range hazina maji ya kunywa kabisa, kwa hiyo jaza Exmouth. Coral Bay na Denham maji ya visima yana chumvi na maji yaliyosafishwa yana kikomo. Usiyategemee kujaza tangi. Jaza Geraldton, Carnarvon, Exmouth, Karratha na Port Hedland. Daima weka madumu mawili ya lita 10 ndani ya gari, kando na matangi, kwani jiwe moja linaweza kupasua bomba chini ya karavani na ukagundua jioni kwamba tangi ni tupu. Kwenye vipande ambavyo mji uko karibu, safiri na tangi moja tu likiwa limejaa. Unaokoa kilo 80.

Friji ya volti 12 yenye kompresa hutumia takriban ampea-saa 40 hadi 60 kwa siku kwenye joto. Taa, pampu ya maji na simu huongeza 15. Paneli ya wati 200 kwenye jua la msimu huo hurudisha kiasi hicho, mradi isifunikwe na kivuli wala vumbi. Ifute kila asubuhi. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inakupa kama 80 za kutumia. Ya kawaida ya risasi nusu tu, na ukizidisha unaiua.

Kwenye viwanja vya karavani umeme huchukuliwa kwa waya wa ampea 15, ambao plagi yake haiingii kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani. Ukunjue waya wote. Uliozungushwa hupata moto na kuyeyuka. Kwa chaja za simu kutoka Afrika Mashariki mtahitaji adapta, maana soketi za Australia ni za pini bapa zilizolala mshazari.

Gesi ifungwe kwenye mtungi kila mnapoingia sheli. Kila baada ya barabara ya vumbi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, gesi inavuja.

Hesabu ya dizeli, kipande kwa kipande

Gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100 likiwa peke yake litatumia 16 hadi 20 likikokota, na upepo wa mbele unaweza kupandisha zaidi. Tumia 18 kwa kupanga, kisha rekebisha kwa unachokiona. Tangi la lita 80 kwa kiwango hicho ni kilomita 440 mpaka tone la mwisho. Panga kana kwamba ni 360.

Perth hadi Geraldton ni kilomita 420, miji ipo njiani. Geraldton hadi kituo cha Overlander ni karibu 280, na hapo ndipo njia ya Denham na Monkey Mia inapochepuka kilomita 130 kuelekea baharini. Overlander hadi Carnarvon ni 200. Carnarvon hadi Minilya 140, Minilya hadi Coral Bay 100, Coral Bay hadi Exmouth 150. Exmouth hadi kituo cha Nanutarra kwa kupitia Burkett Road ni karibu 280 bila sheli katikati, na Nanutarra hadi Karratha kama 265. Karratha hadi Port Hedland ni 240.

Kipande cha mwisho ndicho cha kuheshimu: Port Hedland hadi Broome, kilomita 610, chenye Pardoo kwenye kilomita 150 na Sandfire kwenye 290. Piga simu kabla ya kuondoka Port Hedland uulize kama vyote viwili vina dizeli. Kwa lita 18 kwa kilomita 100, kipande chote kinakula lita 110. Tangi la 80 na madumu mawili ya lita 20 ni lita 120. Kwa hiyo kwa kiwango hicho madumu mawili yanatosha hata vituo vyote vikifungwa, ingawa kwa lita 20 kwa kilomita 100 yanapungua kidogo, na hakuna sababu ya kubeba manne kutoka Perth. Yajaze Port Hedland, yafungwe nje, mbali na mitungi ya gesi.

Mwendo

Kikomo cha anayekokota Australia Magharibi ni kilomita 100 kwa saa, hata kibao kikisema 110. Tisini ni mwendo bora: dizeli inashuka, tairi zinapoa. Wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda wamezoea upande wa kushoto. Wa Kongo, Rwanda, Burundi na Oman wawe waangalifu asubuhi wanapotoka kambini, barabara ikiwa tupu, maana hapo ndipo mkono hurudia mazoea.

Anza saa moja na nusu asubuhi, uwe umeegesha saa kumi jioni. Mwezi Juni jua linazama Broome kabla ya saa kumi na mbili, na kangaruu, emu na ng'ombe hutoka barabarani alfajiri na magharibi. Mashamba mengi ya ng'ombe hayana uzio. Mnyama akitokea, funga breki ukiwa umenyooka. Ukikwepa kwa ghafla, karavani inakupindua, na hilo ni baya kuliko bonati iliyobonyea.

Malori ya kaskazini huvuta matela matatu au manne, na urefu wake hufika mita 53.5. Fanya hesabu kabla ya kulipita: lori likienda 90 na wewe 100, unahitaji karibu dakika nzima, yaani kilomita moja na nusu ya barabara yako, na gari linalokuja mbele linakula kiasi hichohicho. Unahitaji kuona kilomita tatu tupu. Mara nyingi jibu ni kubaki nyuma na kunywa chai kituo kinachofuata. Lori likitaka kukupita wewe, usishuke kwenye changarawe ya kando kwa kasi. Nyooka, shika mwendo uleule, na punguza mafuta pale tu linapokuwa limehamia upande wa pili. Upepo wake utakusukuma nje kwanza, kisha kukuvuta ndani. Redio ya UHF iwe chaneli 40 wanayotumia madereva wa malori. Msalimie, mwambie unamwona, naye atakuambia lini njia iko wazi. Wenye karavani huongea kwa wenzao chaneli 18.

Barabara ya vumbi na mchanga

Sehemu nyingi zinafikika kwa lami, lakini njia ya kuingia Eighty Mile Beach ni kama kilomita 10 za vumbi, na mashamba mengi yanayopokea wapiga kambi yako mwisho wa njia kama hiyo. Vituta vyake vidogo vya mfululizo, mithili ya bati, hulegeza kila skrubu. Punguza upepo wa tairi kwa robo: kama lami ni psi 40, weka 30. Upepo mdogo unamaanisha mwendo mdogo, kilomita 60 hadi 70, la sivyo tairi linachemka na kupasuka. Ziba matundu ya hewa ya chini upande wa mbele kwa utepe, fungua lile la juu ya paa kidogo ili hewa iingie kwa shinikizo na kusukuma vumbi nje. Ukirudi lami, jaza upepo kabla ya kuondoka. Pampu ya umeme ya gari ni kifaa cha lazima.

Mchangani ufukweni gari liende peke yake, karavani ibaki kambini, upepo psi 16 hadi 18. Ukianza kuzama, usiongeze mafuta. Simama, shusha zaidi hadi 14, fukua mbele ya tairi, rudi nyuma kwenye njia yako mwenyewe. Uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi. Broome maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 10, na pwani iliyokuwa pana saa nne asubuhi haipo saa tisa. Kampuni za kukodisha magari mara nyingi hukataza vumbi na mchanga kabisa, soma mkataba.

Kupiga kambi

Fuata mpangilio huu usiku wowote. Sawazisha kwanza kulia na kushoto, kwa kupandisha tairi la upande wa chini juu ya ubao, ukitazama pimamaji. Weka kabari mbele na nyuma ya tairi. Baada ya hapo ndipo ufungue minyororo na uunganisho. Sawazisha mbele na nyuma kwa gurudumu dogo la mbele, halafu shusha miguu ya pembeni mpaka iguse ardhi tu, kwani haikuundwa kuinua karavani. Anayefungua kabla ya kabari huiona karavani yake ikienda zake.

Turubai la kivuli likunjwe kila mnapolala na kila mnapoondoka. Upepo wa mashariki unaotoka jangwani asubuhi hulichana bila onyo.

Choo cha kaseti kimwagwe kwenye shimo lililowekwa maalumu, ambalo lipo karibu kila mji. Kukimwaga porini ni uchafu na ni kosa, na ni sababu ya maeneo ya bure kufungwa kimoja baada ya kingine. Cape Range moto wa kuni na mbwa haviruhusiwi.

Baharini

Ningaloo, iliyo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2011, ina mwamba wa matumbawe ulio karibu kiasi cha kuufikia kwa kuogelea kutoka ufukweni. Papa potwe hupita Machi hadi Julai, nyangumi Juni hadi Novemba. Kwenye Turquoise Bay mkondo unaelekea kaskazini: tembea kusini kwa miguu, ingia, elea nao, na utoke kabla ya ulimi wa mchanga. Anayepitiliza hubebwa na maji yanayotoka nje kupitia mlango wa mwamba. Siku ya mawimbi makubwa au bamvua, usiingie.

Konyeza wadogo waitwao irukandji huwa hatari hasa Novemba hadi Mei. Mchomo ni mdogo, kisha baada ya nusu saa hivi huja maumivu makali ya mgongo, kutapika na moyo kwenda mbio. Mwagia siki kwa angalau sekunde 30 na piga 000. Chupa ya siki iwe kwenye mkoba wa ufukweni. Usiokote kombe za koni wala pweza mdogo mwenye pete za buluu.

Kuanzia Broome kwenda juu, chukulia kila kijito kina mamba wa maji chumvi. Lala mita 50 kutoka majini, na samaki asafishwe mbali na kambi.

Mkikwama

Mtandao wa simu upo mijini na karibu na baadhi ya vituo. Katikati hakuna kitu, na ule wa Telstra ndio unaofika mbali zaidi. Beba kitoa ishara cha dharura cha 406 MHz kilichosajiliwa AMSA, mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia, na mwachie mtu mjini ratiba yenu. Gari likifa, msiliache. Kunjueni turubai, kaeni kivulini, gawaneni maji, fungueni bonati ili wapitao wajue. Gari huonekana kutoka angani. Mtu anayetembea haonekani.

Aliyeumwa na nyoka asitembee hata hatua moja. Usioshe jeraha. Funga bandeji pana kwa nguvu kiungo chote, kifunge kwenye fimbo kisitikisike, piga 000. Ndege za Royal Flying Doctor Service, huduma iliyoanza 1928, ndizo zitakazomchukua.

Mkifika Broome, kabla ya kukimbilia Cable Beach, osha chini ya gari na karavani kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kaza nati zote, fungua habu moja uitazame grisi yake. Ikiwa imegeuka maji au ina vumbi, badilisha grisi ya habu zote hapo hapo mjini.